Sarufi ya Kichina inavyobadilika: maswali ambayo watu hawaachi kuuliza

Haya ni maswali ambayo kila anayejifunza Kichina akifika hatua fulani lazima ayaulize, hasa siku anayokutana na sentensi ya zamani, herufi zote anazijua halafu sentensi yenyewe haimwingii hata kidogo. Yameanza na ya msingi, yale ya ubishi yako mwishoni. Pinyin (Kichina kwa herufi za Kilatini) nimeandika bila toni, mtanisamehe, kibodi ya simu hii.

## Ya msingi

1. Hivi Kichina si hakina sarufi? Sasa kinabadilisha nini?

Watu wanasema hivyo kwa sababu kitenzi cha Kichina hakivai kitu, hakuna ni- wala a- wala wa-, hakuna -li- wala -ta-, 吃 (chi, kula) ni chi tu iwe mimi au wewe, jana au kesho, kwa hiyo mtu aliyezoea viambishi vya Kiswahili anaona pako wazi anasema hamna sarufi. Ipo, ila imekaa sehemu mbili: kwenye mpangilio wa maneno, na kwenye vijineno kama le, zhe, guo, ba, bei, de ambavyo ukiulizwa maana yake unabaki unakuna kichwa.

Sasa karibu vyote hivyo zamani vilikuwa maneno kamili, vitenzi na nomino za kawaida kabisa. Vikatumika sana, maana ikapungua, sauti ikafupika, vikabaki na kazi ya sarufi tu. Ukishaelewa hilo, nusu ya majibu ya hapa chini unaweza kuyakisia.

2. Lakini herufi si zile zile za miaka elfu mbili? Mbona inaonekana kama lugha haijasogea?

Hapo ndo watu wengi wanapodanganyika, yaani mwandishi wa enzi ya Han na mtu anayechati WeChat leo wanaweza kuandika herufi ile ile 是 au 被 na kila mmoja anaitumia kwa kazi tofauti, na kwa sababu herufi haionyeshi sauti huoni kwamba tamko limebadilika wala huoni kwamba kazi imebadilika. Lugha inayoandikwa kwa alfabeti inajianika, ukiona neno limefupishwa unajua kuna kitu kimetokea. Kichina kinaficha.

Mfano mwepesi: Confucius kwenye Mazungumzo yake anasema 三人行 (san ren xing), watu watatu wakitembea. Mwanafunzi wa leo akiandika san ren bila 个 (ge, neno la kuhesabia) katikati kwenye insha ya kawaida laoshi (mwalimu) anaweka wino mwekundu. Kwa nini, angalia swali la 8.

3. Tunajuaje watu wa zamani walikuwa wanaongeaje wakati hakuna rekodi?

Swali zuri, na jibu lake lina mtego. Kwa karne nyingi wasomi wa China walikuwa wanaandika kwa mtindo wa kale (wenyan) huku mdomoni wanaongea kitu kingine kabisa, kwa hiyo ukisoma maandishi rasmi ya mwaka 1500 utadhani sarufi imeganda. Wataalamu wanatafuta maandishi ambako mdomo umepenya.

Ya zamani zaidi ni mifupa ya kuagulia ya Anyang, enzi ya Shang, ambayo wasomi walianza kuitambua 1899. Hiyo inakupeleka zaidi ya miaka elfu tatu nyuma. Halafu kuna maandishi yaliyofukiwa makaburini, kama yale ya hariri ya Mawangdui, Changsha, kwenye kaburi lililofungwa mwaka 168 KK. Halafu hazina ya pango la Dunhuang iliyogundulika 1900, humo kuna hadithi za kuwasimulia watu wa kawaida, sio wasomi. Kuna na mazungumzo ya watawa wa Chan, madhehebu ya Ubudha, maarufu ni kitabu cha Zutang ji cha mwaka 952, watawa walikuwa wanajibizana kwa lugha ya mtaani na wanafunzi wanaandika kama walivyosikia.

Mimi ninayoipenda kuliko zote ni Lao Qida, kitabu cha Wakorea cha kujifunzia Kichina, mazungumzo ya wafanyabiashara wanaokwenda Beijing kuuza farasi. Uzuri wake ni kwamba kilikuwa kinafanyiwa marekebisho kila lugha inaposogea: toleo la enzi ya Yuan, utawala wa Wamongolia (nakala yake ilipatikana Daegu, Korea, mwaka 1998), la enzi ya Ming iliyofuata, la 1761, la 1795. Mazungumzo yale yale, farasi wale wale, sarufi tofauti. Mtu akikuambia Kichina hakijabadilika mwekee matoleo mawili pembeni asome mwenyewe.

## Vijineno vinavyotesa wanafunzi

4. 了 (le) imetoka wapi, na kwa nini ziko mbili?

Ilikuwa kitenzi, liao, maana yake kumaliza. Zamani ilikaa mwisho kabisa baada ya yambwa, muundo kama "kula wali kumaliza". Kwenye maandishi ya enzi ya Tang (karne ya 7 hadi mwanzo wa ya 10) unaikuta bado iko huko mwisho, halafu kuelekea mwisho wa Tang na kuingia enzi ya Song iliyofuata baadaye inaanza kuruka yambwa na kuganda kwenye kitenzi, "kula-maliza wali", na ikishaganda pale haina tena haja ya kutamkwa kwa nguvu, toni ikapotea, liao ikawa le. Liao yenyewe haijafa, ipo kwenye 吃不了 (chi bu liao), siwezi kumaliza kula.

Ya pili, ile ya mwisho wa sentensi inayosema "hali imebadilika", wengi wanaieleza kama ile iliyobaki mwisho ikachanganyika na kijineno 也 (ye) kilichokuwa kinafunga sentensi, maana kwenye maandishi ya Tang 了也 zimeongozana mara nyingi. Ndo maana leo unaweza kuwa nazo zote kwenye 我吃了饭了 (wo chi le fan le, nimeshakula) bila kosa.

Na msishangae sana jamani, sisi wenyewe tumefanya hivyo hivyo na kwisha: nimekwisha kula, nimeshakula, nishakula. Kitenzi cha kumaliza kimegeuka silabi moja ndani ya kitenzi kingine na hakuna aliyepiga kura.

5. 是 (shi) si ni "ni" tu? Ina historia gani?

Ilikuwa "hii, hiyo". Confucius anasema kwamba unachokijua kubali unakijua, usichokijua kubali hukijui, 是知也 (shi zhi ye), yaani hiyo, kujua. Kichina cha kale hakikuhitaji kitenzi cha "ni", unaweka kitu kimoja, unaweka kingine, unafunga na ye.

Sasa fikiria sentensi ndefu mwanzoni, halafu "hiyo" katikati, halafu maelezo. Ile "hiyo" imekaa pale pale ambapo "ni" ingekaa, wasikilizaji wa kizazi kinachofuata wakaisikia kama "ni". Ushahidi mtamu kuliko wote uko kwenye hariri ya Mawangdui niliyotaja swali la 3, kwenye michoro ya nyota zenye mkia, ambako mwandishi ameandika 是是帚彗 (shi shi zhou hui), shi mbili mfululizo, ya kwanza "hii" na ya pili "ni". Hii ni nyota ya ufagio. Kwa hiyo mwaka 168 KK matumizi mapya yalikuwepo tayari na ya zamani hayajaondoka, yanakaa sentensi moja bila kugombana. Baadaye 不 (bu) ikaanza kukaa mbele yake, bu shi, badala ya 非 (fei) ya zamani, na hapo ndo unajua imekuwa kitenzi kamili.

6. 把 (ba) inanitesa. Kwa nini ipo, na kwa nini haikubali kitenzi kitupu?

Ba maana yake ilikuwa kushika. Ndo maana hadi leo inahesabia vitu vya kushika mkononi, 一把刀 kisu kimoja, 一把伞 mwavuli mmoja. Enzi ya Tang watu walikuwa wanaunganisha vitenzi viwili, shika kitu ufanye jambo, na kuna mstari wa Du Fu, mshairi wa karne ya 8, ambao wanaisimu wameutafuna sana: amelewa, ba tawi la mmea wa zhuyu, analiangalia kwa makini. Je, hapo anashika tawi halafu analiangalia, au analiangalia tu tawi? Zote zinakubali. Na mabadiliko ya sarufi yanapitia mlango huo huo, pale ambapo msemaji anasema A na msikilizaji anasikia B na wote wanaelewana kwa hiyo hakuna anayesahihisha mwenzake.

Baada ya hapo ba ikaanza kutumika na vitu ambavyo huwezi kuvishika, leo tunasema 把他忘了 (ba ta wang le), kumsahau mtu, na hakuna mkono unaohusika.

Kuhusu kitenzi kitupu: zamani kiliwezekana, kwenye mashairi ya Tang utakuta ba, kitu, kitenzi kimoja, basi. Wakati huo huo Kichina kilikuwa kinajenga tabia ya kubandika matokeo nyuma ya kitenzi, piga-kufa, kula-isha, fagia-safi, na nafasi ya nyuma ikajaa. Yambwa ikasogezwa mbele, ba ikawa ndo ya kuibebea, na ikazoeleka kwamba ukitumia ba maana yake unataka kusema kitu kilifanywaje mwishowe. Sasa ukisema 我把书看 (wo ba shu kan, mimi ba kitabu soma) bila kuongeza kitu msikilizaji anabaki anasubiri: ukakisoma, ehe, kikawaje?

7. 将 (jiang) na ba ni kitu kimoja?

Kazi moja, ndiyo. Jiang nayo ilikuwa kitenzi, kuongoza au kuchukua, ikapita njia ile ile karibu wakati ule ule na kwa muda ilikuwa inashindana na ba. Mdomoni ba imeshinda. Jiang utaikuta kwenye matangazo, maelekezo ya dawa na mapishi.

8. Kwa nini lazima 个 na wenzake katikati ya namba na nomino?

Haikuwa lazima, san ren ya swali la 2 ni ushahidi. Kwenye mifupa ya Shang unakuta kitu cha ajabu kidogo, nomino inarudiwa baada ya namba, watu kumi na sita watu. Baadaye, kwenye orodha za mali za enzi ya Han, namba na neno lake la kuhesabia vinakaa nyuma ya nomino kama mtu wa stoo anavyoandika, halafu kwenye karne zilizofuata kifurushi chote kikahamia mbele. Kwa muda mrefu 枚 (mei) ndo ilikuwa inahesabia karibu kila kitu, kisha 个 (ge), ambayo mwanzoni ilihesabia fito za mianzi, ikaipiku, na mei leo imebakiziwa vitu kama sarafu, medali na makombora.

Na ge haijatulia. Mtu wa Beijing anasema 俩 (lia, wawili), ambayo ni liang (mbili) na ge zimemezana, ndo maana lia ge ni kosa, umeweka ge mara mbili.

9. 被 (bei) kwenye kauli ya kutendwa ndo ile ile ya blanketi?

Ndiyo, 被子 (beizi) ya kitandani kabisa. Kutoka nomino ikawa kitenzi cha kufunika, kutoka kufunika ikawa kufunikwa na jambo, yaani kupatwa na balaa, halafu kitenzi kikafuata. Sima Qian, mwanahistoria wa enzi ya Han, akimwelezea mshairi Qu Yuan anasema alikuwa mwaminifu akasingiziwa, hapo bei iko mbele ya kitenzi lakini mtendaji hatajwi. Kumtaja mtendaji katikati, bei fulani akafanya, kunaonekana karne kadhaa baadaye, kufikia karne ya 5 mifano ipo. Kabla ya hapo walitumia miundo mingine, hasa 为…所… (wei… suo…), ambayo bado iko kwenye methali na lugha ya mahakamani.

Kwa kuwa imetokana na balaa, bei ya asili ni ya mambo mabaya: kuibiwa, kupigwa, kuumwa na mbwa. Mazuri hayakuhitaji bei. Leo unasoma 被选为 (bei xuan wei), alichaguliwa kuwa, na hakuna balaa lolote. Kilichotokea kiko swali la 12. Na mtaani watu mara nyingi wanaiacha bei kwenye maandishi wanasema 让 (rang), 叫 (jiao) au 给 (gei), ambavyo navyo vina maisha yao.

## Mpangilio wa maneno

10. Ni kweli Kichina kinahama kutoka kitenzi-yambwa kwenda yambwa-kitenzi?

Hoja hii ilitolewa miaka ya 1970 na wanaisimu Charles Li na Sandra Thompson, na ukiangalia ba unaona walipoitoa. Mwaka 1985 Sun Chaofen na Talmy Givón wakakaa wakahesabu sentensi halisi, za maandishi na za mazungumzo, wakakuta zaidi ya asilimia 90 ya yambwa ziko baada ya kitenzi. Kwa maoni yangu hoja ilifia hapo, ingawa bado unaikuta inarudiwa.

Na kuna sehemu Kichina kimekwenda upande wa pili kabisa. Zamani "nani" ilikaa kabla ya kitenzi, 吾谁欺 (wu shui qi), mimi nani nidanganye, na kwenye ukanushi kiwakilishi kilitangulia kitenzi pia. Leo vyote viko nyuma. Masalia yapo kwenye misemo kama 时不我待 (shi bu wo dai), wakati haunisubiri, ambayo ukiichambua kwa sarufi ya leo inakupa kichaa.

11. Kwa nini mahali panatajwa kabla ya kitenzi?

Kilichohama ni hiki: zamani 于 (yu) na mahali vilikuja baada ya kitenzi, leo 在 (zai) na mahali vinatangulia, 我在内罗毕工作, nafanya kazi Nairobi. Ya zamani haijaondoka kwenye wasifu na ripoti: 生于 alizaliwa, 位于 iko mahali fulani. Ulinganisho nao hivyo hivyo, gao yu (mrefu kuliko) ya zamani na 比 (bi) ya leo.

## Wageni

12. Lugha za kigeni zimebadilisha sarufi ya Kichina?

Zimebadilisha, mara mbili kwa uwazi. Ya kwanza ni utawala wa Wamongolia, Yuan, 1271 mpaka 1368. Amri zao zilitafsiriwa neno kwa neno kutoka Kimongolia, ambacho kitenzi kinakaa mwisho, kikatokea Kichina cha ajabu chenye 有 (you) mwisho wa sentensi. Toleo la zamani la Lao Qida limejaa hizo you, toleo la Ming zimefagiliwa. Kwa hiyo mengi yaliondoka na wenyewe.

Ya pili imebaki. Kuanzia 1917 msomi Hu Shi na wenzake wakaanza kupigania kuandika kwa baihua, lugha ya kuongea, na mwaka 1920 wizara ya elimu ikaagiza vitabu vya shule za msingi viandikwe hivyo. Lakini baihua ilihitaji kubeba sayansi, siasa, riwaya za Ulaya, na watafsiri wakawa wanaingiza miundo ya Ulaya humo humo. Mwanaisimu Wang Li kwenye miaka ya 1940 tayari alikuwa na sura nzima juu ya sarufi ya Kizungu ndani ya Kichina. Bei ya mambo mazuri imekuja hivyo. Kishazi cha "ingawa" au "kwa sababu" kubaki nyuma, hivyo hivyo. Na ile tabia ya ofisini ya kusema 进行研究 (jinxing yanjiu), "kuendesha utafiti", wakati yanjiu peke yake ingetosha, mimi inanichosha, ila iko kila mahali na haitoki.

13. 她 (ta) ya "yeye wa kike" ilikuwepo zamani?

Kwa maana hiyo hapana, ilipigiwa debe na mwandishi Liu Bannong mwaka 1920, sababu ni tafsiri hizo hizo. Imebadilika kalamu tu, mdomoni ni ta kwa wote, kama yeye yetu.

## Ubishi wa siku hizi

14. Nimeona 被自杀 (bei zisha) mtandaoni. "Amejiuliwa"? Hiyo ni sarufi gani?

Kimsingi ni kosa, na ndo raha yake. Bei inataka kitenzi kinachomwangukia mtu mwingine, kujiua hakimwangukii mwingine. Watu wakaiweka makusudi kusema: wametuambia kajiua, sisi hatuamini. Mwaka 2009 ikavuma 被就业 (bei jiuye), wahitimu waliokuta kwenye takwimu za vyuo wanahesabiwa wameajiriwa wakati wako nyumbani. Mwaka huo huo 被 ikachaguliwa herufi ya mwaka ya China. Angalia inavyochekesha: bei imerudi kwenye balaa lake la swali la 9, safari hii balaa ni kusemewa jambo.

15. Kikantoni si ndo Kichina cha kale chenyewe?

Nusu nusu. Kimetunza vitenzi kama 食 (kula) na 行 (kutembea), kwa maana ambazo Kimandarini (Kichina sanifu, cha kaskazini) cha kuongea kimebadilishia maneno. Lakini kimebuni vyake pia, pale Kimandarini kinapoweka le baada ya kitenzi chenyewe kina 咗 (zo). Kinasema "ni mrefu kumpita" badala ya kutumia bi, na "wewe nenda kwanza" kinaweka kwanza mwishoni. Kila lahaja imetunza hapa ikabadilisha pale, hakuna iliyokaa kwenye friji.

16. Nani anaamua kipi ni sahihi?

Agizo la Baraza la Serikali ya China la 1956 linasema Putonghua, yaani Kichina sanifu cha China bara, inachukua matamshi ya Beijing, msingi wa lahaja za kaskazini, na sarufi ya maandishi bora ya kisasa ya baihua. Soma tena hiyo ya mwisho: kipimo cha sarufi ni maandishi yale yale yaliyokwisha kulowa miundo ya Ulaya.

17. Rafiki yangu wa Taiwan anasema 我有看过 (wo you kan guo, nimewahi kuona). Laoshi anasema kosa. Nimsikilize nani?

Kwenye mtihani, laoshi. HSK (mtihani rasmi wa Kichina kwa wageni) na vitabu vya China bara vinataka 我看过, bila 有 (you). Lakini rafiki yako hajakosea kwa lugha ya kwao, muundo huu una mizizi kwenye lugha za Min za kusini mashariki mwa China na Taiwan, na Kikantoni nacho kina you ya namna hiyo. Isitoshe ukanushi wa Kimandarini chenyewe ni 没有看过 (mei you kan guo), you iko pale pale, kwa hiyo upande wa kukubali ulikuwa na pengo na watu wamelijaza. Vijana wengi wa bara nao wanasema hivyo siku hizi kwenye chati. Andika bila you kwenye karatasi ya mtihani, na ukiisikia mtaani usimsahihishe mtu.